Adrian Atiman, Daktari-Katekista wa Karema, na Rozari Iliyokuwa Juu ya Meza Yangu



Wapendwa, nimechelewa kuandika mwezi huu, na wengine mmenitumia meseji kuuliza kulikoni. Nilikuwa safarini. Nilikwenda Karema, kule ziwani, kumfuata mtu aliyefariki mwaka 1956. Kabla sijawaambia ni nani, inabidi nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilitumia akiba yangu ya nauli kwa ajili ya marehemu.

Wengi mnajua kazi yangu. Mimi ni mnasihi hapa Tabora. Nimesomea, nina cheti, nina chumba kidogo chenye viti viwili, meza na feni linalopiga kelele kuliko linavyopuliza. Parokiani niko kwenye kikundi cha sala. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliweka rozari juu ya meza ile, nikaona suala la imani na taaluma nimelimaliza. Si zimekutana hapo mezani?

Akaja binti mmoja. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Alikuwa halali vizuri, hali, kifua kinambana, na katikati ya maneno yake akasema haoni tena kazi yake hapa duniani. Neno hilo la mwisho ndilo nililotakiwa kulikamata. Darasani tulirudishiwa mara nyingi sana: mtu akisema hivyo, muulize wazi, kwa upole, kama anafikiria kufa, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitua. Nilijua. Lakini niliogopa jibu. Basi nikashika rozari. Tukasali makumi mawili, akalia, nikayaona machozi yale kuwa ni neema, nikamsindikiza hadi mlangoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Baada ya siku nane alijaribu kujitoa uhai. Majirani waliwahi, yuko hai, na leo anaendelea na matibabu. Namshukuru Mungu. Lakini mimi sikumuuliza, na hilo halifutiki. Siku ile sikusali pamoja naye. Nilijificha nyuma ya sala.

Aliyekuwa akinisimamia alinikaripia, na alikuwa na haki. Nilichofanya baadaye ndicho kilichokuwa kosa la pili. Nikaitia rozari kwenye droo, nikafunga. Nikaamua kuwa ofisini Mungu haingii. Akaja mama aliyefiwa na mtoto mchanga, akaniuliza mtoto wake yuko wapi sasa, kwa sababu alikufa kabla ya ubatizo. Nikamwambia hilo haliko kwenye eneo langu, tuzungumzie usingizi wake. Akaniangalia kidogo, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakurudi.

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta Atiman.

Jina lake mmelisikia hata kama hamjui. Sumbawanga kuna hospitali ya jimbo inayoitwa Dr. Atiman. Dar es Salaam nyumba ya Mapadre Weupe inaitwa Atiman House. Nami nilikuwa nalisikia tu, nikidhani ni mzungu fulani. Kumbe alikuwa Mwafrika, na alifika kwetu kwa njia ndefu kuliko mzungu yeyote.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi tunayoiita sasa Mali. Angali mtoto mdogo akatekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na mabwana wake hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Mapadre Weupe walimkuta huko katikati ya miaka ya 1870, wakamkomboa kwa fedha, yaani walimnunua ili awe huru. Akapelekwa Algiers kwenye nyumba ya watoto wengine waliokombolewa kama yeye.

Naomba hapa tusikimbie. Sisi Wakatoliki tukisimulia habari za namna hii tuna haraka ya kufika kwenye ubatizo. Mimi kazi yangu inanifundisha kukaa kidogo na yule mtoto. Ana wazazi, ana lugha yake, anajua mto wao unageuka rangi wakati gani wa mwaka. Siku moja vyote vinaisha, na hakuna aliyemuuliza. Anatembea mchangani wiki baada ya wiki na watu wasiojali kama atafika. Hata wema uliomkuta baadaye ulimkuta bila kuulizwa: aliowakuta Algiers walikuwa watu wazuri, lakini walikuwa wageni, wenye lugha nyingine na ndevu ndefu. Mtoto wa namna hii akiletwa leo ofisini kwangu, sitaanza kwa kumwambia Mungu ana mpango na maisha yake. Nitaanza kwa kumuuliza kama amekula.

Aliyekuwa mkuu wa kazi ile ni Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Lavigerie alikuwa mtu wa amri nyingi na hasira za karibu, na mambo yake mengine siyapendi. Lakini kwa vijana hawa aliona kitu ambacho wengi hawakukiona. Alisema moyoni mwake (mimi ndivyo ninavyomwelewa) kwamba Afrika itahubiriwa na Waafrika, na kwamba Mwafrika huyo lazima awe na kazi inayomfaa jirani yake hata kama jirani hajaamini chochote. Akachagua udaktari. Mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa wakapelekwa kusoma tiba kwenye chuo kikuu cha kule. Atiman alikuwa mmoja wao, na alimaliza mwaka 1888.

Jamani, hebu fikirini jambo hilo. Huyu ni kardinali. Angeweza kuwapa wale vijana maji ya baraka, katekisimu, mkoba wa bendeji, na kuwatuma. Mashirika mengi enzi zile yalifanya hivyo hivyo: wiki chache za kufundishwa kufunga vidonda, basi, nenda. Yeye aliwaweka darasani miaka na miaka, wajifunze mifupa, damu, homa, na namna ya kutumia kisu. Hakuona kwamba kusoma sana kunapunguza imani, wala kwamba imani inamruhusu mtu asome kidogo. Nilipofika hapo kwenye maisha yake nilifunga kitabu nikatoka nje nikakae chini ya mwembe. Maana mimi nilikuwa nimesoma, na siku ile ya binti yule niliitupa elimu yangu kama kitu kisichofaa mbele ya Mungu.

Mwaka huohuo wa 1888 akaondoka kuja Afrika ya Mashariki na msafara wa Askofu Léonce Bridoux, aliyekuwa amewekwa wakfu mwezi Julai kwa ajili ya nchi za Ziwa Tanganyika.

Sasa tuko nyumbani. Njia ile mnaijua. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa ni kama miezi mitatu kwa miguu, na kutoka Tabora njia inagawanyika: moja inakwenda Ujiji, nyingine inashuka kusini-magharibi kuelekea Karema. Miembe mingi mizee mnayoiona Tabora na pembezoni mwa barabara ni kumbukumbu za misafara hiyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, mababu zetu, watu waliobeba mizigo ya kilo thelathini na zaidi kutoka bara hadi pwani na kurudi, na waliojulikana kwa kazi hiyo kila mahali. Kila kitu cha Ulaya kilichotumika huku ndani, kuanzia divai ya misa hadi kwinini, kilifika juu ya kichwa au bega la mtu.

Na njia ileile ilishusha pembe, na ilishusha watu. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Nje kidogo ya mji, Kipalapala, pale ilipo seminari kuu yetu, Mapadre Weupe walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Ilikuja kufungwa mwaka 1889 kwa sababu ya uhasama na vita. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, aliyewahi kuuzwa, anaingia nchi ambayo watu bado wanauzwa, akitembea kuelekea bara wakati wenzake wa hali yake ya zamani wanashushwa pwani. Mwaka ule pwani yenyewe ilikuwa inachafuka, Abushiri akijiandaa na kisha kupigana na Wajerumani. Si mahali ambapo ungemshauri mtu mwenye jeraha kama lake aende kuanzia kazi. Mimi ningemwandikia barua ya kuomba apangiwe kwingine!

Mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Alikaa miaka 67.

Nami nilikwenda huko. Nilipanda treni hapa Tabora, ikapita Kaliua, ikashuka Mpanda. Kutoka Mpanda nikachukua gari hadi ziwani, vumbi tupu, tumekaa wanne kwenye siti ya watatu na kuku mmoja asiyekuwa na tiketi. Siku hizi Karema kuna bandari mpya, na vijana wa pale wanaizungumzia kuliko kitu kingine chochote. Lakini mimi nilitaka kuona misheni. Ilianza kama ngome: Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold waliijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Walipoijenga ilikuwa karibu na maji. Ziwa likashuka, ngome ikabaki juu mbali na ufuko. Nilisimama pale nikiangalia upande wa Kongo, upepo wa jioni ukinipiga, nikafikiria kwamba huyu bwana aliona mandhari hii kila siku tangu kabla ya serikali ya Mjerumani haijafika huku hadi miaka mitano kabla ya uhuru.

Akaoa. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, mwenyeji wa kule ziwani. Hii ni sehemu ninayoipenda sana, kwa sababu mtu aliyeng'olewa mara mbili alikubali kupanda mizizi kwa watu wasiokuwa wa kwao, akala chakula chao, akasema lugha yao. Mwana wao Joseph akawa padre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wazalendo wa mwanzo katika vikariati ile. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye treni. Katika familia moja kulikuwa na daktari na padre. Baba hakuwa na mamlaka ya kuondolea mtu dhambi, na mwana hakuwa na ujuzi wa kumpasua mtu jipu. Kila mmoja alijua mlango wa mwenzake uko wapi.

Kazi yake iliitwa daktari-katekista. Tunapenda kuyatamka maneno hayo mawili kwa mkupuo mmoja kama vile ni neno moja, lakini ni kazi mbili, na kila moja ina masharti yake. Fikirieni miaka aliyopitia. Mwanzoni mwa utumishi wake watu wa Rumaliza kutoka Ujiji walikuwa tishio kwa misheni za ziwani, hata Kapteni Joubert, yule askari wa zamani wa Papa, akawa analinda vijiji ng'ambo kwa bunduki. Miaka ya 1890 ikaleta sotoka iliyomaliza ng'ombe na nyati Afrika ya Mashariki nzima, ikaleta ndui, na funza nao wakaenea kutoka magharibi wakifuata njia za misafara. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yakashambulia mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kisha vita: meli za Wajerumani na za Waingereza zikapigana ziwani, na Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Halafu homa ya mafua ya 1918. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na mzee bado yuko Karema anatibu.

Katika mambo kama hayo hakuna mgonjwa anayekuja na mwili peke yake. Mtu wa malale alikuja na hofu kwamba amerogwa. Aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa alikuja na kidonda cha mguu na pengine hakujua tena jina la kijiji chake. Daktari asiyejali roho angeshona mguu tu. Katekista asiyejua tiba angefundisha sala mtu ambaye kidonda kinamwoza. Atiman alikuwa na mikono yote miwili. Wala hakuna mgonjwa ambaye angemwambia kwamba haelewi maana ya kuibwa.

Niseme pia jambo linalonisumbua, maana hapa huwa hatufichani. Wamisionari wa enzi zile walikuwa na desturi ya kubatiza watu walio katika hatari ya kufa, wakubwa kwa watoto, na mara nyingi aliyekuwepo kitandani ni yule aliyekuja kutibu. Kanisa linafundisha kwamba mtu yeyote anaweza kubatiza katika hatari ya kufa, na mtu mzima lazima awe ametaka. Lakini najiuliza: mgonjwa mahututi, anayekutegemea wewe kwa dawa na maji ya kunywa, ana uhuru kiasi gani wa kukukatalia? Simhukumu yeyote wa wakati ule. Walijua wanachoogopa kwa ajili ya yule anayekufa, na walikiogopa kwa upendo. Hata hivyo mimi nikikaa kwenye kiti changu, na mteja yuko kwenye kiti chake, mizani haiko sawa. Yeye analia, mimi nimekaa na kalamu. Nikimwambia tusali, si rahisi aseme hapana. Binti yule hakusema hapana. Pengine alikuwa anataka kusema jambo, na nikalifunika kwa Salamu Maria.

Sasa nawaandikia hasa ninyi mnaosoma saikolojia, ustawi wa jamii, uuguzi, na mnaoniuliza kila mara kama mtu anaweza kuwa mnasihi mzuri na Mkristo mzuri kwa wakati mmoja. Sina kanuni. Ninacho ninachofanya sasa, na bado najifunza.

Kitu cha kwanza ni kwamba elimu yangu siiachi mlangoni kwa jina la Yesu. Mtu akinieleza sonona, nauliza maswali yote ya sonona, hata lile gumu, na nalitaja kwa jina lake bila kuzungukazunguka. Akihitaji dawa, nampeleka kwa daktari, na nikisikia kuna mtu kwenye kikundi cha sala amemwambia aache vidonge kwa sababu amekwisha kuombewa, namwambia wazi kwamba hilo si fundisho la Kanisa. Vidonge haviachwi bila daktari. (Najua kuna watakaokasirika kwenye kikundi chetu. Tutaonana Jumamosi, tutazungumza, mimi ni dada yenu.) Mtu mwenyewe ukisoma haya na unajiona uko pale alipokuwa binti yule, usisubiri Jumamosi. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi, na umwombe akusindikize hospitali.

La pili limenigharimu zaidi. Mteja akileta imani yake, siifukuzi. Ni sehemu yake, kama vile usingizi na hamu ya kula. Lakini ni imani yake. Kazi yangu si kuipima kama imenyooka. Anaweza kuwa Mwislamu, anaweza kuwa Mpentekoste, anaweza kuwa anatambika kwao Sikonge na kukomunika Dominika. Hapa Tabora wote wanakaa mtaa mmoja. Akisema anataka kusali, namwambia karibu, sali wewe kwa maneno yako, nami nitakaa hapa. Na nimegundua kwamba mtu akisali kwa maneno yake mwenyewe anasema mambo ambayo hakuniambia mimi. Hapo nasikiliza kwa masikio yote mawili.

Na kuna mambo ya padre. Usiri wangu ni wa taaluma, na una mipaka: uhai wa mtu ukiwa hatarini nitaongea na wanaohusika, na hilo namwambia mteja siku ya kwanza kabisa. Siri ya kitubio haina mpaka huo. Kwa hiyo mtu akinitazama kwa macho ya anayetaka kuondolewa dhambi, namweleza kwamba amekosea mlango, nami namwonyesha ulio sahihi. Hapo ndipo namkumbuka mzee Atiman na mwanawe Padre Joseph.

Mzee alipewa nishani mbalimbali uzeeni kwa utumishi wake. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Hajatangazwa mtakatifu, wala sijui kama atatangazwa, na mtu wa pale misheni niliyemuuliza aliniambia kwamba kwao halina haraka, wanaita hospitali jina lake na watoto wao jina lake, inatosha.

Usiku wa mwisho Karema nililala nyumba ya wageni iliyo karibu na maji. Umeme ulikatika, nikakaa nje. Nilimfikiria yule mama wa mtoto mchanga. Nilikuwa sahihi kwamba swali lake halikuwa la saikolojia, na nilikuwa mkatili. Kanisa lina jibu la kumpa: linamkabidhi mtoto wa namna ile kwa huruma ya Mungu, na kuna hata ibada ya mazishi kwa ajili yake. Nilijua hilo tangu kipaimara! Ningeweza kumwambia kwamba nimesikia swali lake, kwamba ni swali kubwa, na kwamba tunaweza kumtafuta padre pamoja. Isingechukua dakika tano. Halafu tungerudi kwenye usingizi wake, maana usingizi nao ulikuwa unamsumbua kweli.

Niliporudi Tabora nilimtafuta. Haikuwa rahisi, na sikutaka kumvamia nyumbani kwake, kwa hiyo nilimpigia kwa namba aliyoiacha kwenye fomu. Nilimwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia jogoo kwa upande wake. Kisha akauliza kama bado nina lile feni bovu.

Anakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Paroko nimemwuliza, amesema atakuwepo ofisini kwake hadi saa saba, kama mama atapenda. Rozari imetoka kwenye droo. Sijairudisha mezani, iko mfukoni mwangu. Na fundi wa feni amesema atapita Jumatano.